Kwenda Namanyere Kutafuta Chakula Kisicho na Chumvi

Niliondoka Laela kwa sababu mke wangu alikuwa ametimiza siku ya nne bila kula. Naandika haya kwa kuwa wapo waliosema nilimkimbia mgonjwa, na siwalaumu, maana mwanaume akionekana stendi asubuhi na begi huku mkewe yuko kitandani, mtu atasema nini? Basi nieleze ilivyokuwa. Shule niliishia darasa la saba, mtanisamehe pale nitakaporudia maneno.

Mama Deo alianguka shambani wakati wa kuvuna mahindi. Presha. Mkono wa kushoto na upande huo wa mdomo vikawa vizito, vikabaki hivyo. Muuguzi wa zahanati alituambia mambo matatu: dawa kila siku, asibebe mizigo, na chumvi iondoke kwenye chakula chake. Hayo mawili ya kwanza yalikubalika. La tatu lilitushinda.

Nilichukua kopo la chumvi mwenyewe, nikampa mkwe wetu Anjela, mke wa Deo, akalifiche kwake. Tukapanga Anjela apike sufuria mbili, ya mgonjwa na ya wengine. Nilidhani nimefanya la maana. Siku ya kwanza Mama Deo alitafuna maharage yale, akayatazama, akasukuma sahani. Akasema, "Hata ng'ombe wa Wasukuma wanapewa chumvi." Tangu hapo akawa anakunywa uji nusu kikombe tu, na kwangu hakusema neno tena. Akitaka kitu anamwambia Anjela, "Mwambie baba yako afunge mlango." Nami nimekaa palepale.

Muuguzi akanionya kwamba akifika mwisho wa wiki bila kula, itabidi apelekwe hospitali ya mkoa, maana dawa zile hazimezwi kwenye tumbo tupu. Mama Deo aliposikia hospitali akageukia ukutani.

Siku ya nne ndiyo akamwambia Anjela kwamba kama ni lazima ale, basi atakula ile saladi ya Skola. Skola ni mdogo wake wa mwisho, yuko Namanyere, ana mgahawa karibu na ofisi za halmashauri. Miaka ya nyuma alimpikia mhandisi mmoja wa Tunisia aliyekuja kuchimba visima, na huko ndiko alikojifunza hiyo saladi ya mboga mbichi zilizokatwa ndogondogo. Mama Deo aliila mara moja tu, kwenye komunio ya mtoto wa Skola. Mimi nilikuwepo pia, lakini nilikula nyama, saladi sikuigusa.

Nilimpigia Skola. Akanieleza, Anjela akajaribu, Mama Deo akaonja na kusema hiyo ni kachumbari. Nikapiga tena. Skola akasema hawezi kuacha mgahawa siku za kazi, na kitu hicho hakielezeki kwa simu, mtu aje aone. Anjela ana mtoto wa kunyonya, na ndiye anayemwogesha mgonjwa. Deo yuko mbali kikazi. Alibaki mtu mmoja wa kutumwa.

Laela, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ile mnaijua, ya mwezi wa saba, vidole havishiki nauli. Nilimuaga Mama Deo mlangoni. Hakujibu. Nilisimama kidogo nikidhani pengine hakusikia, kisha nikajiambia amesikia.

Basi la kutoka Tunduma lilifika limejaa, nikapata kiti cha nyuma juu ya tairi. Njia nzima hadi Sumbawanga nilisinzia na kuamka. Nilikuwa nimechoka uchovu wa siku nyingi, si wa siku ile. Niliona mashamba yaliyovunwa, magunia kando ya barabara, watu wamejifunika mablanketi, na kila nilichokiona nilikuwa naona pia ile sahani inasukumwa.

Sumbawanga, kama saa tatu. Hapa lazima niseme jambo ambalo ningeweza kulificha. Stendi kulikuwa na mama anayekaanga chipsi, nikanunua na mayai, nikamwagia chumvi mpaka nikaisikia kwenye meno. Nilikula nimesimama, kama mwizi. Na si siku hiyo tu. Siku zote nne nilikuwa nakula sufuria ya pili kwa Anjela, ile yenye chumvi, halafu narudi kukaa na mgonjwa na kumwambia avumilie. Sikuwa nimeliona hilo kuwa ni tatizo. Nilidhani mgonjwa ni yeye.

Gari la Namanyere liliondoka saa tano. Lilisimama Chala kushusha watu wa mnada, likaendelea. Sina la kueleza la njia hiyo zaidi ya vumbi la mashamba na upepo.

Namanyere, saa nane mchana. Skola nilimkuta anagawa wali kwa watu wa ofisini. Ni mwanamke mfupi, ana sauti kubwa, na kwa kuwa ni shemeji yangu amezoea kunitania tangu siku ya mahari. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Shemeji, mgonjwa ni dada au ni wewe? Umekonda."

Nikamwambia habari yote. Utani ukamtoka usoni. Aliuliza mkono unaendeleaje, analala vipi, anatembea mpaka wapi. Kisha akanipa maji, akanipa aproni yenye maua, akasema nisikae, kazi ni moja na hatakwenda Laela kunikatia.

Watu wa ofisini waliniona na aproni ile. Mmoja akauliza kama mgahawa umeajiri. Skola akamjibu, "Huyu yuko kwenye majaribio. Mshahara wake ni matusi."

Sasa nieleze inavyotengenezwa, maana wengine watapenda kujua, na mimi mwenyewe nisije nikasahau.

Mboga zote huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa hazitapita motoni. Nyanya ziwe ngumu, zilizoiva lakini zisizobonyea. Unazipasua, unatoa mbegu na maji yake. Tango unalimenya, unalipasua kwa urefu, unakwangua mbegu kwa kijiko. Pilipili hoho ya kijani, unatoa moyo wake. Kitunguu kimoja tu kwa watu watatu. Halafu vyote vinakatwa, na hapa ndipo ilipo kazi, viwe na ukubwa wa punje ya hindi. Sawasawa. Skola alisema mhandisi wake alikuwa akikuta kipande kikubwa anakitoa na kukiweka pembeni ya sahani bila kusema kitu, na kule kunyamaza kulimuuma kuliko kusemwa. Kisha unakamulia limau, unamwaga mafuta, unakatia mnanaa mbichi, bizari nyembamba iliyosagwa kidogo, pilipili manga. Mhandisi alitumia mafuta ya zeituni, na juu yake aliweka yai la kuchemsha na samaki wa kopo. Skola anatumia alizeti ya hapa hapa na haweki samaki, na anasema anaonja tofauti lakini wateja hawaonji.

Na chumvi. Nilimuuliza Skola kama mhandisi alikuwa anaiweka. Skola akasema aliweka, ndiyo, chakula gani kisiwe na chumvi. Nikakaa chini. Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikiamini saladi ile haina chumvi. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Hakuna aliyeniambia. Nadhani nilikuwa nalihitaji tu.

Skola alifuta meza. Kisha akakata limau jingine, akaongeza mnanaa mara mbili ya kawaida, na kitunguu akakiloweka kwanza kwenye limau hilo mpaka kikawa laini. Akaacha chumvi. Akanipa kijiko. Nikaonja. Ilikuwa kali, ina baridi na harufu ya bustani baada ya mvua. Lakini ulimi wangu uliendelea kusubiri kitu ambacho hakikuja. Nilimwambia ni nzuri. Akasema, "Unadanganya, ila endelea kukata."

Nilikata mpaka jua likaelekea kuzama. Nilijikata kidole mara mbili. Skola ana kibao cha kukatia alichoachiwa na mhandisi, na vipande vyangu juu ya kibao kile vilikuwa vya kila umbo. "Shemeji, hii ni saladi au unachanja kuni?" Lakini rundo la mwisho alilitazama, akachagua vipande vitatu vikubwa akaviweka pembeni, na hakusema kitu. Nilielewa nimefaulu kidogo.

Kesho yake, Namanyere, saa moja asubuhi. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka kosa ligawanywe kwa haki. Kwetu mtu haendi kwa mgonjwa na mboga mbichi mfukoni, anakwenda na chakula kwenye hotpoti. Nilikata mwenyewe bakuli zima, na Skola akanipa hotpoti yake kubwa, ile ya sherehe. Aliisuuza kwa maji ya moto kama anavyofanya kwa wali, kwa mazoea. Hilo ni lake. Lakini aliniambia nibebe limau na mafuta kando, nichanganye nikifika. Nadhani aliniambia. Nilikuwa nimesimama naye mlangoni na kichwa changu kilishafika Laela. Mimi niliona kumpelekea mgonjwa chakula nusu ni kama kutokupeleka, nikachanganya kila kitu, nikafunga mfuniko, nikaifunga hotpoti kwa kanga ili isipoteze joto. Joto la nini, sikujiuliza. Hilo ni langu, na ndilo kubwa.

Chala, saa tatu kasoro. Gari liliharibika hapa, tukaambiwa lingine linatoka Namanyere, tusubiri. Tulisubiri zaidi ya saa mbili. Nilikaa kwenye kivuli cha duka karibu na mama wa Kisukuma aliyekuwa anauza matango kwenye beseni. Niseme ukweli, Wasukuma sikuwa nawapenda. Mwaka juzi ng'ombe walipita kwenye ulezi wangu, na ingawa mwenye ng'ombe alilipa mbele ya mtendaji, nilibaki na kinyongo na kabila zima. Huyu mama hakuwa na kosa lolote kwangu. Aliniuliza kama naenda msibani, kwa jinsi nilivyokumbatia hotpoti.

Nikamwambia ni chakula cha mgonjwa. Chakula gani? Nyanya, matango, vitunguu. Vya kupikwa? Vibichi.

Akaitazama hotpoti. "Baba, umefunika vibichi kwenye hotpoti? Tangu saa ngapi?"

Nilifungua kanga, nikafungua mfuniko. Mvuke ulitoka. Haikuwa imeoza, nisiseme uongo. Ilikuwa imechemka bila moto. Nyanya zimelegea, tango limekuwa kama limepikiwa mtoto, mnanaa umekuwa mweusi, na vyote vinaogelea kwenye maji yao wenyewe. Mama yule aliangalia, akauma mdomo asicheke, akashindwa. Nami sikukasirika. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Sikuweza kuimwaga. Skola alipoteza nyanya zake na mimi kidole changu. Niliomba kijiko kwa mwenye duka nikaila yote, peke yangu, pale pale kwenye kivuli. Huo ulikuwa mlo wangu wa kwanza bila chumvi tangu mgonjwa aanguke. Kila kijiko nilitaka kusimama nikaombe chumvi dukani, maana ilikuwepo, naiona kwenye rafu. Sikuomba. Nilikuwa nawaza kwamba Mama Deo yeye alipewa hivi mara tatu kwa siku, na mbele yake ameketi mtu anayenukia nyama ya kukaanga, akimwambia avumilie.

Nilimsimulia yule mama, sijui kwa nini, hata lile neno la ng'ombe na chumvi. Alicheka sana, kisha akasema hilo ni kweli, wanapewa, na asiyepewa hula udongo. Akanichagulia matango manne magumu, akaongeza la tano. Akasema, "Hili la tano ni la huyo mama. Mwambie limetoka kwa wenye ng'ombe."

Sumbawanga, saa nane. Nilikuwa na nusu saa tu kabla ya basi la Tunduma. Sokoni nilipata nyanya, hoho, malimau sita na mnanaa fungu moja uliokwisha nyauka kidogo. Bizari nilinunua kwa kupima. Nilipita duka la dawa kuulizia mafuta ya zeituni, kijana akanionyesha kichupa kidogo akasema ni ya kumpaka mtoto, kuyala yeye hajui. Sikumlaumu, hata mimi nisingejua. Nikasema alizeti ipo nyumbani. Hotpoti tupu niliibeba kwapani.

Laela, saa kumi jioni. Anjela alikuwa anaanua nguo. Nilimuuliza kwa macho, akatikisa kichwa. Uji tu, tena robo. Mama Deo alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya jiko, kwenye jua, na blanketi mabegani. Alikuwa amepungua kwa siku mbili hizo, au mimi ndiye niliyekuwa sijamtazama. Akaona hotpoti, akamwambia Anjela, "Muulize baba yako ameleta nini."

"Iko tupu," nikasema. "Iliharibika njiani. Nitaitengeneza hapa."

Hakuamini, na sikumshangaa. Katika miaka yetu yote sijawahi kukata hata kitunguu cha chai ya kikohozi. Nilichemsha maji nikayapoza kwa kuyamimina, nikaosha mboga, nikageuza sinia kichwa chini iwe kibao. Nikaanza na nyanya. Anjela alitaka kunisaidia, nikakataa. Mama Deo alikuwa anaangalia. Nilifika kwenye kitunguu, kikawa kinateleza juu ya sinia, macho yanawaka, vipande vinarukia kwenye majivu.

"Mwambie baba yako kitunguu hakikatwi juu ya bati."

Anjela akageuka kuniambia, akaona nimesikia, akanyamaza.

"Mwambie kinakatiwa mkononi."

Mnajua wanawake wetu wanavyokata, kitunguu kiganjani, kisu kinashuka kinasimama karibu na dole gumba, na vipande vinaangukia bakulini bila kibao. Nilijaribu. Sikuweza. Mama Deo alitoa mkono wa kulia kwenye blanketi, akaunyoosha kutaka kisu. Nikampa. Nikampa na kitunguu, akakipokea kwa mkono wa kushoto, vidole vikashindwa kufunga, kikaanguka kwenye mkeka kikabingirika. Nilikifuata, nikakisuuza upya. Kisha niliketi mbele yake, nikakiweka kwenye kiganja changu, nikakiweka kiganja mahali ambapo chake kingekuwa.

Alinitazama. Zilikuwa zimepita siku sita hajanitazama hivyo.

"Nitakukata."

"Nimeshajikata mwenyewe mara mbili," nikasema.

Akaanza. Alikipasua mistari kwenda, akakipasua kuja, kisu kinashuka mpaka nasikia ubaridi wake kwenye ngozi, kinasimama. Mara moja hakikusimama kwa wakati, damu ikatoka kidogo. Nilitaka kuondoa mkono.

"Usitikisike, Baba Deo. Shika vizuri."

Nikashika. Vipande vilianguka bakulini, kila kimoja punje ya hindi. Tukafanya matango, nikamwambia moja linatoka kwa wenye ng'ombe, akauliza ng'ombe gani, nikamweleza, na mdomo wake ukavutika upande mmoja, upande ambao bado unavutika. Tukafanya hoho. Limau nilikamua mimi.

Anjela aliivisha ugali wa ulezi. Akaweka mboga yenye chumvi upande wangu. Nikamwambia airudishe. Nikasogeza sahani, tukabaki na bakuli moja katikati. Kwa mkate, kama alivyokula mhandisi, sijui, lakini kwa ugali inakwenda hivi: unafinyanga tonge, unalibonyeza kwa dole gumba liwe kama kijiko, unachota vipande na yale maji ya limau.

Mama Deo alichota. Alitafuna polepole sana. "Haina chumvi."

"Haina."

"Na wewe unakula hii?"

"Nakula hii."

Alitazama tonge langu likienda mdomoni, akasubiri mpaka nikameza. Kisha mkono wake ukarudi bakulini. Hakula nyingi. Matonge matano, nilihesabu, halafu dawa.

Niliyojifunza sina hakika nayo, na niliahidi kuandika ukweli. Sasa Anjela anapika sufuria moja isiyo na chumvi, na siku nyingine mimi mwenyewe nashindwa, nalala na njaa. Siku nyingine Mama Deo anasukuma sahani vilevile. Muuguzi alipima presha, akasema bado iko juu ila inashuka, tuendelee. Hospitali hatukwenda. Nilikuwa nimeshajiandalia maelezo, kwamba aliyemnyima hamu ya kula ni mimi na sufuria yangu ya pili, na kwamba alikula siku ile kwa kuwa tulikula pamoja. Nilitaka kuandika hivyo hapa mwishoni. Lakini si haki kumsemea mtu aliye hai, kwa hiyo jana jioni nilimuuliza ni nini hasa kilichomfanya ale.

Alikuwa na kisu mkononi.

"Njaa," akasema. "Lete kiganja."